Athari

Alhamisi usiku, Ibra. Kiyoyozi kinakoroma kama mgeni
na mimi nimetandaza wiki saba juu ya meza ya kulia,
napanga kutoka mwisho,
kama ashonaye kanzu akianzia pindo:
siku ya maonyesho kwanza, kisha majaribio,
kisha swali. Swali lilinishika hadi adhana ya alfajiri:

Maji ya falaji yanapotelea wapi
kati ya msikiti na shamba la mwisho?

Mkaguzi alisema swali ni zuri, jedwali liko wapi?
Nikachora jedwali. Vigezo vitano, ngazi nne,
visanduku ishirini vinanitazama
kama vyumba vya nyumba isiyohamiwa.

Hapa maji hugawiwa kwa athari.
Athari moja, nusu saa ya mfereji:
shamba lako linywe, kisha ufunge kilango.
Kwa Kiswahili cha mama, aliyenibeba mgongoni kutoka Wete,
athari ni kile kibakiacho
jambo likishapita.
Nililiandika neno hilo pembeni ya mpango, kwa penseli.
Sikujua naandika ipi.

Wiki ya pili tulishuka, darasa zima, la saba B,
viatu mkononi, sare za buluu zimepandishwa magotini.
Kipima kasi chetu: ndimu kavu.
Ibtihaj anaiachia, Ghaya anaidaka mita kumi mbele,
Raya ameshika saa.
Sekunde kumi na tisa. Kumi na tisa.
Thelathini na mbili.
Ghaya!
Ameiacha ipite, anatazama visamaki.
Niliandika: ushirikiano, mbili. Kisha nikafuta,
maana visamaki ndivyo vilivyotuonyesha ufa,
vilijazana pale maji yanapovutwa chini.

Wadha ana kigugumizi.
Wadha alilala kifudifudi juu ya saruji ya moto,
mkono wote ndani ya ufa.
Mtaka cha mvunguni, nikaanza,
naye akamalizia kwa bega.

Hesabu yake haikupatana na ya wenzake.
Wenzake wakachukua wastani, wakaenda kupaka rangi.
Yeye alirudi Ijumaa na kaka yake,
akapima. Akarudi Jumamosi.

Siku ya maonyesho walikuja wazazi, akaja mkaguzi,
akaja Rafiqul anayezoa tope la mfereji,
kaalikwa na watoto, si na mimi;
kwenye mpango wangu hakuwamo.
Bango la Ibtihaj lilimeremeta kwa unga wa dhahabu.
Makofi. Nne, nne, nne.
Zamu ya Wadha: m, m, m,
kisha kimya, na kikohozi cha baba wa mtu.

Rafiqul akausogelea mfano wa udongo, akaweka kidole:
si hapo, akasema kwa Kiarabu cha kazini, shubiri moja mbele.
Wadha akatikisa kichwa. La.
Akamfunulia daftari.
Wakabishana kwa vidole, yeye na yule bwana,
udongo ukawapaka hadi kwenye viwiko,
mpaka chai ikapoa na mkaguzi akaaga.

Nani kapatia? Sijui.
Mfereji utafumuliwa mwezi wa tatu.

Usiku huu jedwali limejaa, isipokuwa pamoja.
Uwasilishaji: Wadha.
Moja ni uongo. Nne ni huruma,
na huruma hapa ni uongo uliotiwa sukari.
Naichukua karatasi yake ya kujitathmini,
mwandiko umelalia upande kama mtende wa bondeni:

"Nilikosea mara tatu.
Mara ya tatu nilikosea vizuri."

Nachora kisanduku cha ishirini na moja, kwa mkono,
mistari imepinda. Sikipi jina.
Kesho mkaguzi ataniuliza ni cha nini.
Ndimu imo kwenye droo, imekauka tena,
ukiinusa, bado ina mfereji.